Jina Nyuma ya Lebo

Anselm alikuwa na ugonjwa mmoja tu, mdomo. Kwao, pembeni ya mji wa Dodoma, wanamkumbuka kwa hilo. Msiba ukitokea kwa watani zake, yeye ndiye wa kwanza kufika. Anajilaza kwenye jeneza kabla ya mwenyewe, anadai aachiwe suruali ya marehemu, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Huo ndio utani, na kwao utani ni kazi yenye heshima yake na mipaka yake. Tatizo ni kwamba alipokuja London aliubeba wote, na huku hakuwa na mtani hata mmoja.

Mwaka 1998 alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la mvinyo huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, ilhali anaishi Woolwich, upande mwingine kabisa wa jiji. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Alikuja kusomea uhasibu akaishia kupanga makatoni, na hakuona aibu kulisema. Divai aliijua tangu utotoni. Shamba la mizabibu la misheni lilikuwa mbele ya dirisha la darasa lao, na hata sasa mkono wake ungeweza kukata kikonyo bila kuuumiza mti.

Mke wake, Valeria, alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba moja ya Plumstead, na mwezi huo wa Machi mimba yake ilikuwa imefika miezi minane. Kuhusu mtoto alikuwa na neno moja tu: akiwa wa kike, ataitwa Winifrida. Winifrida alikuwa mama yake. Alifariki Singida mwaka 1995, wakati pasipoti ya Valeria iko kwa watu wa uhamiaji ikingoja muhuri. Siku anazikwa, Valeria alikuwa kazini anawageuza wazee wa watu kitandani. Hakupenda kulizungumzia. Alisema tu kwamba mama atarudi kwa jina, na Anselm akakubali, maana mtu gani mwenye moyo angekataa.

Msimamizi wa ghala aliitwa Gurdial, Singasinga mzaliwa wa Nakuru aliyehamia Uingereza na wazazi wake akiwa kijana. Kiswahili chake kilibaki vilevile alivyoondoka nacho.

"Anselm, kuja," alimwita asubuhi moja. "Hii mzigo iko na shida. Chupa elfu moja mia mbili. Lebo yote toa."

"Divai imeharibika?"

"Hapana haribika. Divai mzuri sana. Jina ndio iko mbaya."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kuna bonde dogo la milimani huko Ulaya, linaitwa Valdrenna, ambako watu hupanda mizabibu kwenye ngazi za mawe, juu kabisa, mahali ambapo mbuzi mwenyewe hufikiri mara mbili. Kwa miaka mingi kila mkulima wa mlima ule aliandika Valdrenna kwenye chupa yake na hakuna aliyemuuliza. Halafu serikali yao ikaamua kulipatia bonde hadhi rasmi, kwamba jina hilo lilindwe kisheria, na divai ya mahali pengine isithubutu kulitumia. Wakaja maofisa na ramani. Wakachora mpaka, na mpaka ukafuata kijito. Wa upande huu wa kijito wakapata jina. Wa ng'ambo, kijiji cha Lusarna, familia kumi na moja, mlima uleule, zabibu zilezile, wakakosa. Na sheria ilishika hata chupa zilizokwisha kufika London: jina litoke, ibandikwe lebo nyingine isemayo divai ya mezani tu.

Anselm alisikia huruma ya ajabu kwa watu wale. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka mitatu akingoja ofisi imwambie yeye ni nani.

Siku nne alikaa mbele ya beseni la maji ya moto, sponji mkono huu, kisu butu mkono ule. Divai ilikuwa nyeupe, chupa ya kioo kisicho na rangi, na siku ya kwanza tu, alipoinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, aliona maandishi upande wa nyuma wa lebo. Mtu alikuwa ameandika kwa penseli kabla ya kubandika. Ukiyatazama kupitia kwenye divai, yalikuwa makubwa na yanacheza kidogo. Oreste. Katoni zima Oreste. Katoni lililofuata, Battista. Halafu Amabile. Hakuna aliyemwambia, lakini alijua kwamba hayo ni majina ya wafu. Mtu aliye hai hana haja ya kuandikwa mahali asipoonekana.

Sasa, kulikwangua jina la marehemu na kulitupa kwenye ndoo bila kusema neno, hilo hakuliweza. Akafanya kile alichokijua. Alimwita kila mmoja kwa sauti na kumtania, kama ilivyo msibani. "Oreste, kwa tumbo hilo walikuzika na jeneza la nani?" "Battista, wewe umelala na shamba limejaa majani. Amka ukapalilie." Aliongea hivyo siku nne, peke yake, kwenye kona ya ghala, na hakika kazi ilienda haraka.

Siku ya nne yalibaki makatoni matatu, chupa thelathini na sita. Jina lilikuwa Dosolina. Mwandiko wake ulitetemeka kuliko mingine yote, na penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikabonyea.

"Na wewe bibi," alisema Anselm, "ramani imekufukuza? Usilie. Njoo kwetu Woolwich. Chumba kipo, mke wangu yuko karibu kujifungua, utapata na mgongo wa kubebwa."

Lebo ikabanduka yenyewe. Nyingine zote zilitoka vipandevipande, hii ilitoka nzima, ikamlalia kwenye kiganja upande wa penseli. Alipoiondoa, jina lilikuwa limebaki mkononi, kinyumenyume, la kijivu. Alinawa kwa ile sabuni ya ghala inayotoa hata grisi. Halikutoka. Alicheka, maana bado hakuwa na sababu ya kuogopa, akapanda treni akarudi nyumbani. Alipomwekea Valeria mkono tumboni, mtoto aligeuka kwa nguvu mpaka Valeria akashika meza. Ilikuwa saa kumi ya alasiri.

Mtoto alizaliwa katikati ya Aprili, wa kike, kilo tatu na robo, hana kasoro. Asubuhi alikuwa mtulivu, adhuhuri mtulivu. Ikifika saa kumi, Anselm akitia ufunguo mlangoni, anaanza kulia.

Watoto wote hulia, na Valeria hakuwa mtu wa kutishika. Lakini kilio hiki kilikuwa na utaratibu. Analia, ananyamaza kidogo huku macho wazi, kama mtu anayesikiliza, halafu analia tena. Vilevile anavyofanya mgeni aliyebisha hodi na kungoja afunguliwe. Iliendelea hivyo mpaka jua linazama, na jua la London mwezi wa Mei halina haraka ya kuzama. Valeria akimbembeleza, "Winifrida, mama yangu, nyamaza," mtoto aligeuza uso ukutani na kulia zaidi. Hilo lilimuumiza Valeria kuliko kukosa usingizi.

Wiki ya tatu uzito ulianza kushuka. Nesi wa watoto aliyekuwa akiwatembelea alisema ni gesi tumboni. Wiki ya nne hakusema gesi tena. Aliandika kwenye kitabu, akafunga, akasema kama hali haibadiliki wiki ijayo, mtoto alazwe hospitali.

Kila Jumapili baada ya misa ya pili, mama yake Anselm alikuwa akingoja kwenye simu ya parokia. Anselm alinunua kadi ya simu sokoni Woolwich, akampigia, na kabla hajamaliza kueleza, mama akasikia kilio kwa nyuma.

"Huyo analilia jina," alisema. "Mmempa la nani?"

"La marehemu mama yake Valeria."

"Jina zuri. Ila silo analolitaka. Nisogezee."

Wakamwekea mtoto simu sikioni. Kutoka Dodoma mama akaanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, taratibu, akitua kila baada ya jina. Ndahani. Madeje. Mbeleje aliyekufa kwenye njaa. Wapo waliotajwa ambao hata Anselm hakuwahi kuwasikia. Kwao ndivyo inavyofanyika: likitajwa lenyewe, mtoto hunyamaza palepale, na watu hushangilia kwamba fulani amerudi. Kadi ikaisha mama bado anataja, na mtoto bado analia.

Siku ya Ijumaa ya wiki ya tano, Gurdial alimwita Anselm ofisini. Mkononi alikuwa na karatasi ya faksi iliyofifia, na nyingine mpya iliyochapwa.

"Hii ilikuja siku ile ile unatoa lebo," alisema, na hakumtazama usoni. "Lugha yao mimi hapana jua, naweka hapo ukutani. Leo ofisi nimepata mtu ya kutafsiri. Wazee ya Lusarna nasema hivi. Kila mstari ya mizabibu iko na mtu yake alikufa. Jina yake naandika nyuma ya lebo, ndio ajue divai yake imekwenda wapi. Sasa naomba toa lebo polepole, nzima, rudisha kwetu, sisi taweka kanisani mpaka siku tunapata haki." Akakunja karatasi. "Uliweka wapi zile?"

"Kwenye ndoo," alisema Anselm. "Ndoo tulimwaga Machi."

Alisafiri kutoka Hayes mpaka Woolwich amesimama, ingawa viti vilikuwepo. Kiganja kilikuwa kinamwasha. Alipotia ufunguo, mtoto alianza. Hakuvua hata viatu. Alikwenda mpaka kwenye kitanda kidogo, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Dosolina."

Nyumba ikanyamaza. Mtoto alimtazama, halafu akaitazama mikono yake, ule wa kushoto, halafu wa kulia, na ule wa kulia akaukamata kwa vidole vyake vyote vitano. Akacheka. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka. Anselm akakaa kwenye zulia na koti lake mwilini.

Valeria alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maziwa. "Umemwitaje?" aliuliza.

Akamweleza yote, maana kuna siku hata mtu wa mdomo hukosa la kuongeza. Valeria hakupiga kelele. Alisema, "Yaani umemkaribisha bibi wa watu, akakalie kiti cha mama yangu," akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumapili mama yake Anselm alisikiliza simu mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Huyo uliyemtania, ni mtani wako?"

"Ni Mzungu, mama. Wa milimani huko."

Valeria alisogeza sikio kwenye simu ili naye asikie.

"Mtani wako ungemwambia njoo, angecheka akakaa zake," mama alisema. "Huyu si mtani. Huyu amesikia mtu anamkaribisha nyumbani siku ambayo amefukuzwa, akaja. Sasa utamwambia ulikuwa unacheza? Mkimnyima jina atalia mpaka aishe, na mtoto ataisha naye. Mpeni. Lakini siku kwao wakimfungulia mlango, ataondoka. Hapo ndipo mtajua amebaki nani."

Sheria ya Uingereza inataka mtoto aandikishwe kabla ya siku arobaini na mbili kupita. Walikwenda siku ya arobaini na moja, Valeria mbele, Anselm nyuma na mtoto kifuani. Walikuwa wamebishana wiki nzima, wakafika mahali ambapo kila mmoja amepoteza sawasawa. Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, aliuliza jina. Anselm akasema Dosolina. Valeria akasema, "Dosolina Winifrida," na akasimama mpaka akaona herufi ya mwisho ya Winifrida imekauka wino. Mtoto hakulia. Alikuwa akiifuata ile kalamu kwa macho, huku na huku, bila kupepesa.

Basi akanenepa, akakua, akawa mtoto kama watoto. Anselm alimpenda kupita kiasi, na ninaposema kupita kiasi simaanishi uzuri tu. Aliacha zamu za Jumamosi ili wakae pamoja. Mdomo ule wote aliuelekeza kwake, na mtoto naye akajua kujibu. Akiambiwa pua yake imelala, husema ya baba imekufa kabisa. Alijibu kwa Kiingereza, hilo ni la watoto wote wa Woolwich. Kiswahili alikielewa chote lakini hakikutoka mdomoni mwake hata neno, na Valeria akimlazimisha aseme shikamoo, alifunga midomo mpaka inakuwa myeupe.

Yalikuwepo mambo madogo. Njugu akipewa alizipanga mistari kwenye ukingo wa meza, na mstari wa mwisho hakuula. Kwenye kilima cha Plumstead Common alifika juu, akageuka huku na huku, akamuuliza baba yake kwa hasira sehemu nyingine ya mlima iko wapi. Na kivuko. Woolwich ina kivuko cha bure kinachovuka mto Thames kwenda North Woolwich, na watoto wote wa mtaa huo hukililia wapande. Yeye walipomfikisha kwenye ngazi zake akiwa na miaka mitatu, alishika chuma kwa mikono miwili na kupiga ukelele ambao Anselm hakuwahi kuusikia tena tangu kile kilio cha saa kumi. Maji yale hakutaka kuyavuka. Wakazoea kuishi upande mmoja wa mto. Valeria aliyaona yote haya. Alikuwa akimwita Winifrida mtoto akiwa amelala tu, kwa kunong'ona, na kutazama kama kope zitacheza.

Jumamosi moja ya Septemba 2004, Gurdial alikuja kuwatembelea. Alikuwa amestaafu, ndevu nyeupe zote, na chini ya kwapa alikuwa na chupa iliyofungwa kwa gazeti.

"Anselm, iko habari mzuri," alisema kabla ya kukaa. "Wale watu ya Lusarna nashinda. Miaka sita naandika barua, napeleka kesi. Mwaka huu serikali nachora ramani upya. Mpaka navuka kijito. Sasa wao pia ni Valdrenna, rasmi kabisa. Chupa ya kwanza imefika London, mimi nasema hii lazima Anselm aone."

Akaitoa kwenye gazeti na kuiweka mezani. Ilikuwa karibu saa kumi, jua la alasiri limeingia jikoni, na divai ikang'aa. Valeria alikuwa akimimina chai, mtoto yuko sakafuni anachora. Mtoto aliinuka, akazunguka meza mpaka upande wa nyuma wa chupa, akaweka kidevu mezani na kutazama kupitia kwenye divai.

Anselm hakuhitaji kusogea. Kutoka alipokaa aliuona mwandiko wa penseli, mkubwa, unacheza kidogo, umekandamizwa.

Mtoto alisoma polepole kama walivyomfundisha shule. Halafu akasema kwa Kiingereza chake, bila kumtazama mtu, kwamba wameirudisha nafasi yake. Akaenda kwenye korido akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Anselm aliuliza.

"Across," alijibu. Ng'ambo.

Gurdial alicheka, akidhani ni mchezo. Anselm hakucheka. Aliinyakua chupa, akakimbilia kwenye sinki, akafungua maji ya moto mpaka mwisho. Alijua kazi hiyo. Alibandua elfu moja mia mbili, angeshindwa moja? Jina likitoka, nafasi haipo tena, na mtoto hana pa kwenda. Lakini lebo za siku hizi si zile za karatasi na gundi ya unga. Ilikuwa ya plastiki. Alikwangua kwa kisu, akakwangua kwa kucha, kucha ikang'oka, damu ikaingia kwenye maji, na lebo ikakaa palepale.

"Valeria!" aliita. "Mshike asitoke!"

Hakuna aliyejibu. Aligeuka akamwona Gurdial amesimama na kikombe mkononi, uso umebadilika. "Mke yako ametoka naye," Gurdial alisema. "Nashika mkono, nakwenda."

Anselm alikimbia na mikono yake inachuruzika. Alipita soko, watu wakampisha, akateremka mpaka kwenye gati. Aliwaona kwa mbali, wanatembea kawaida kabisa, mama na mtoto wanaokwenda matembezi. Mtoto aliyepiga ukelele kwenye ngazi zile alizipanda mbio. Anselm aliingia kivukoni mlango unafungwa.

Walikuwa wamesimama kwenye vyuma vya ukingo. Alimshika Valeria bega kwa nguvu.

"Unafanya nini? Ulisikia mama alivyosema. Akivuka anaondoka!"

"Nilisikia," alisema Valeria. Macho yake yalikuwa makavu. "Alisema pia kuna anayebaki. Miaka sita nimelea mgeni wako, Anselm. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemsuka. Mama yangu alikuwa anangoja nyuma yake. Na mimi nataka zamu yangu."

Anselm aliliachia bega. Yeye ndiye aliyesema njoo, na hakuwahi kumuuliza mke wake.

Akapiga magoti mbele ya mtoto. "Dosi," alisema, "pua yako imelala."

Mtoto alimtazama kwa upole sana, upole wa mtu mzima anayeaga. Aliichukua mikono yake, wa kushoto, halafu wa kulia, na ule wa kulia akaukamata kwa vidole vyote vitano. Akasema "Thank you for the room," asante kwa chumba, kwa adabu, kama walivyomfundisha kushukuru kwenye nyumba za watu. Kivuko kilikuwa katikati ya mto. Hakujibu habari ya pua. Aligeuka akatazama ng'ambo, juu ya paa za North Woolwich, mahali palipo na anga tu, akiinua kichwa juu na juu zaidi kama mtu anayetafuta kilele. Vidole vyake vikalegea kwenye kiganja cha Anselm kimoja kimoja.

Anselm alifungua mkono wake. Damu ilikuwa imetapakaa kila mahali, lakini ule ukijivu uliokuwa ukimwasha tangu Machi ile haukuwepo.

Kivuko kikagusa gati, kikatikisika. Mtoto aliyumba, akashika sketi ya Valeria, akafunga macho. Alipoyafungua hakuangalia mto wala watu. Alimwangalia Valeria, kuanzia viatuni mpaka usoni, taratibu, kama anayemkagua mtu aliyetoka safari ndefu.

"Valeria," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto, lakini Kiswahili kilikuwa cha Singida, kizito, cha mtu mzima. "Valeria mwanangu. Umekonda hivi?"

Valeria aliziba mdomo kwa mikono miwili. Furaha ilimjia usoni mpaka akawa msichana tena, na kwa dakika moja Anselm karibu amsamehe.

"Nilikungoja," mtoto aliendelea. "Walitaka kunizika asubuhi, nikawakatalia. Nikasema mngojeni Valeria. Jeneza likawawia zito mpaka jioni. Mbona hukuja kunizika?"

"Mama, pasipoti," Valeria alisema. "Mama, walikuwa na pasipoti yangu."

"Mbona hukuja?"

"Mama, nisamehe."

"Mbona hukuja?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, na ilionekana atauliza kesho, na keshokutwa, mezani, kwenye foleni ya shule, kila siku ya Mungu, mpaka apate jibu ambalo halipo. Valeria aliteremka taratibu akakaa kwenye sakafu ya chuma, na vidole vidogo vya mtoto vikaanza kumpapasa nywele.

Mfanyakazi wa kivuko alipaza sauti kwamba wote washuke. Watu wakawapita na baiskeli na mifuko yao. Anselm alibaki amepiga magoti palepale, akimtafuta usoni yule msichana wake wa miaka sita aliyejua kurudisha utani, asiyekula njugu za mwisho. Alikuwepo mahali fulani, lazima alikuwepo, hakuwa bibi wa mtu yeyote. Angemwita tu angegeuka.

Akafungua mdomo amwite, akakuta majina yote mawili waliyompa yana wenyewe. La kwake hawakuwahi kumpa.